Fundi wa Baridi

"Fundi yupo?"

Mzee akainua kichwa kutoka kwenye kompresa ya friji aliyokuwa anaifungua, akafuta mikono kwenye suruali. "Ndiye mimi, mama. Karibu."

Mwanamke aliyesimama mlangoni mwa karakana akamtazama, kisha akatazama ukutani, pale kilipotundikwa cheti chenye picha. "Samahani, mzee wangu. Namtaka huyo wa kwenye picha. Nimeambiwa siku hizi friji haishikwi na mtu yeyote tu."

Mtu yeyote tu! Fundi alilimeza neno hilo kama kidonge bila maji. Alikuwa amefungua friji za mji ule tangu mama huyo hajajua kufunga viatu. Hata jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau. Mkewe alimwita Fundi, majirani walimwita Fundi, hata mashemeji zake walimwita Fundi.

Wa kwenye picha alikuwa binti yake wa pekee. Fundi mwenyewe ndiye aliyempa jina la Bisibisi, tangu alipokuwa anatambaa humo karakanani na bisibisi mdomoni. Sasa Bisibisi alitoka nyuma, akamsikiliza mteja, akaeleza atakuja lini, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alijifanya hamnazo, kana kwamba hakusikia kitu. Huruma hiyo ndiyo iliyomuudhi zaidi baba yake.

Tatizo lote lilianza na sheria mpya ya mazingira. Zamani friji ikiharibika, fundi alikata bomba, gesi ikatoka fyuuu, ikaenda zake, na kazi ikaendelea. Sheria ikasema basi. Gesi hiyo, walisema wakubwa, inaipasha dunia joto kuliko moshi wa magari. Kuimwaga hewani ni kosa. Lazima inyonywe kwa mashine, ifungiwe mtungini, irudishwe ilikotakiwa kurudishwa. Duka haliuzi gesi kwa asiye na cheti, na asiye na cheti haruhusiwi kugusa bomba. Mashine mpya nazo zikaja na gesi nyingine, ambayo haina ugomvi na anga lakini ina ugomvi na moto: vikikutana, inalipuka.

Fundi alikwenda kwenye mafunzo ya cheti pamoja na binti yake. Alikaa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi. Mwalimu, kijana mwenye sauti nyororo, akawaonyesha picha ya dunia imevimba nyekundu, akasema, "Hii ndiyo kazi ya mafundi wa kienyeji." Watu wakacheka. Fundi akasimama.

"Mwalimu," alisema, "maisha yangu yote nimeuza baridi. Leo unaniambia nimeiunguza dunia?"

Hakungoja jibu. Alitoka, akarudi nyumbani kwa miguu kwenye jua kali, na hakurudi tena. Bisibisi alibaki, akafaulu, na cheti chake ndicho kilichoifanya karakana isifungwe. Kila kazi iliyotoka pale ilitoka kwa jina lake. Ikiharibika, imeharibika kwa jina lake. Hilo waliambiwa wazi, tena mbele ya mashahidi: cheti kikichukuliwa hakirudi, na bila cheti hakuna karakana.

*

Siku ya tukio, Bisibisi alikuwa anafunga mkoba kwenda kwenye jiko la shule, ambako friji kubwa ilikuwa imezimika. Mashine ya kunyonya gesi ilikuwa ya chama cha mafundi na walipokezana. Zamu ilikuwa yake hadi jioni.

"Baba, Mzee Kisu akija tena, mwambie nikitoka shule napitia kwake. Asiiwashe ile mashine. Na wewe usiiguse."

"Nimekusikia."

"Ile ina gesi mpya, Baba."

"Nimesema nimekusikia. Au unataka nikuapie?"

Bisibisi akasita, akambusu mama yake aliyekuwa anachambua mchele kizingitini, akaondoka. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana, imetengwa nayo kwa pazia tu, kwa hiyo mama alisikia kila kitu. Mama Bisibisi alikuwa mtu wa maneno machache lakini hayakuwa na maganda.

"Mtoto anakuogopa," alimwambia mumewe.

"Ananiogopa mimi? Huyo anayenitolea amri?"

"Anaogopa kukuvunjia heshima. Ndiyo maana anaongea kama anakanyaga mayai."

Kabla ya mchana Kisu akafika, aproni ikiwa imetapakaa damu ya ng'ombe. Kisu alikuwa na bucha mtaa wa pili, rafiki wa Fundi tangu ujana wao. Serikali ilipotangaza kwamba anayesalimisha mashine ya baridi ya zamani atauziwa mpya kwa nusu bei, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Sasa mashine hiyo mpya ilikuwa inanguruma tu bila kupoza.

"Ndugu yangu, nimekwisha," alisema hata kabla ya salamu. "Chumba cha baridi kimekuwa bafu la mvuke. Hoteli wanakuja kuchukua nyama kesho asubuhi. Twende."

"Bisibisi atakuja jioni."

"Jioni nyama itakuwa inanisalimia yenyewe! Twende wewe."

"Mimi sina cheti, Kisu."

Kisu akamtazama kwa muda, mikono kiunoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nyama inayooza, na mtu wa namna hiyo husema lolote.

"Kumbe ni kweli wanavyosema pale kijiweni."

"Wanasemaje?"

"Kwamba siku hizi unambebea binti yako mkoba."

Mama Bisibisi aliacha kuchambua mchele. Aliona shingo ya mumewe ikisimama, akajua kitakachofuata. "Fundi," aliita, kwa sauti ya kuonya. Lakini Fundi alikuwa ameshavuta sanduku lake la zana kutoka chini ya meza, lile la zamani la bati, na kichomeo chake juu yake.

*

Mashine ilikuwa nyuma ya bucha, kwenye kichumba chenye dirisha dogo lililozibwa na maboksi. Stika ya njano yenye picha ya mwali wa moto ilikuwa imebandikwa mbele kabisa. Fundi aliiona. Hili ndilo jambo ambalo baadaye hakuna aliyelielewa, yeye mwenyewe akiwamo: aliiona, na maana yake aliijua.

"Una sabuni?" aliuliza. "Tupake povu kwenye maungio. Panapotoa mapovu ndipo penye tundu."

Kisu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Sabuni! Tunafua? Bwana, lete ule moto wako wa kijani tumalize kazi."

Moto wa kijani. Mafundi wa rika lake walikuwa na namna yao ya kutafuta tundu. Gesi ya zamani haikuwaka. Ungeweza kuimwaga chumbani ukavuta sigara. Basi unawasha kichomeo chenye kipande cha shaba mdomoni, unakipitisha taratibu kwenye bomba, na pale gesi inapovuja mwali wa buluu unageuka kijani. Ilikuwa kazi ya kupendeza macho. Enzi zake wateja walikuwa wanaita wake zao waje kutazama, na Fundi, hatumsingizii, alikuwa anapenda kutazamwa.

Alijiambia kwamba gesi imeshavuja yote, ndiyo maana mashine haipozi. Alijiambia kwamba iliyobaki ataitoa kwanza, na akaitoa, fyuuu, kama zamani. Alingoja ukimya. Hakujua, au alijua akasahau, kwamba gesi ile ni nzito kuliko hewa. Ilikuwa imelala sakafuni, miguuni pao, inasubiri.

Akawasha.

Mwali haukugeuka kijani. Uliruka kutoka mkononi mwake kwenda chini, na chumba kizima kikawa moto kwa kitambo cha kufumba na kufumbua. Kishindo kilimtupa Kisu nje ya mlango. Fundi aliinua mkono kuficha uso, na mkono ndio ulioungua. Pazia la plastiki la chumba cha baridi likayeyuka juu ya nyama, maboksi yakashika, na majirani wakaja mbio na ndoo. Moto ulizimwa kabla haujafika paa. Lakini ile harufu ya plastiki iliingia kwenye nyama yote, na hoteli walipopiga simu kuuliza, Kisu alishika kichwa kwa mikono miwili.

Watu wa zimamoto waliandika wanayoyaandika. Kabla hawajaondoka, mmoja wao akasema kwamba mkaguzi wa mazingira atafika karakanani kesho asubuhi kuchukua maelezo.

*

Jioni, Mama Bisibisi alikuwa anampaka mumewe dawa mkononi. Hakumkaripia. Alimtazama tu usoni kwa karibu, akasema, "Nyusi zako umeziacha kwa Kisu?"

Fundi hakucheka. Bisibisi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, bado na sare ya kazi. Tangu aingie hakusema neno la lawama, na hilo lilimtesa baba yake kuliko moto.

Kisu akabisha hodi, akaingia, ndevu zimeungua upande mmoja. Akakaa bila kukaribishwa vizuri.

"Shemeji, pole. Mwanangu, pole," alisema. "Nimekuja tuelewane mapema. Kesho mkaguzi akiniuliza, nitasema niliita karakana, na karakana ikanitumia mtu. Basi."

"Baba mdogo, hukuita karakana," Bisibisi alisema kwa upole. "Mimi nilikuambia ungoje."

"Nikisema nilimchukua mtu asiye na cheti, na mimi nina kosa. Sheria yenu inamshika na mteja. Nimepoteza nyama, nipoteze na leseni ya bucha? Nina watoto, mwanangu."

"Na huyu ni mtoto wa nani?" Mama Bisibisi aliuliza.

Kisu akainamisha kichwa. Akaaga, akatoka, na kikombe cha chai alichowekewa kikabaki kinapoa mkekani.

"Nitasema nilimtuma Baba," Bisibisi akasema.

"Ukisema hivyo?" mama yake aliuliza.

"Wananinyang'anya cheti."

"Usiposema?"

Bisibisi akamtazama baba yake, kisha akatazama chini. "Watamwandika kuwa ni mtu aliyejifanya fundi. Wanaweza kumshtaki, wanaweza kumwonya tu, hilo ni la mkaguzi. Lakini kwa vyovyote atakatazwa kugusa zana. Moja kwa moja, Mama. Akionekana hata na koleo, ni kosa jipya."

Hapo ndipo Fundi alipopaswa kusema neno, na wote watatu walilijua ni neno gani. Aliuangalia mkono wake uliofungwa bandeji. Alijiona amekaa kizingitini na wazee wastaafu wanaobishania mpira, na watoto wakimwita Babu.

"Wewe bado kijana," alisema mwishowe. "Watakuonya tu. Cheti kitarudi."

"Hakirudi, Baba."

"Sheria ni watu. Wataona umri wako, watakuhurumia. Sema ulinituma."

Mama Bisibisi akafunika kopo la dawa taratibu, akasimama, akaingia chumbani. Hakuubamiza mlango. Fundi alitamani angeubamiza.

"Sawa, Baba," Bisibisi alisema.

*

Asubuhi Fundi alikuwa nyuma ya pazia anahangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, aliposikia binti yake anaongea na simu karakanani.

"Mwalimu mkuu, habari za asubuhi. Samahani, ile friji ya jikoni sitaweza kuimaliza. Ndiyo. Tafuteni fundi mwingine… Hapana, mwalimu, siumwi. Hapana, hata wiki ijayo. Nitawapa namba ya mwenzangu mmoja, ni mzuri, ana cheti." Akasikiliza. "Asante, mwalimu. Na mimi niliipenda kazi yenu."

Fundi akachungulia. Bisibisi alikuwa amepanda stuli, ameshusha cheti ukutani. Alikifuta vumbi kwa mkono wa shati, akakitazama kidogo, akakifunga kwenye gazeti kama mtu anavyofunga sahani za marehemu. Hakulia. Alijikaza kisabuni, akaanza kupanga funguo kwa ukubwa wake, kuanzia ndogo, kama alivyofundishwa na baba yake alipokuwa mdogo.

Fundi akaacha vifungo. Aliona haya, haya ya kweli. Alikaa kitandani, na mkewe aliyekuwa amempa mgongo tangu jana akageuka.

"Nifungie shati," alimwomba.

Akamfungia, kifungo kimoja kimoja.

Mkaguzi akaja na kompyuta ndogo mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, viatu vya kutembelea. "Shikamoo, mzee," alimsalimia Fundi, na Fundi akaitikia. Kisu alikuwa ameshafika, amesimama karibu na mlango kana kwamba yuko tayari kukimbia. Watu wawili watatu wa mtaani wakajipanga nje, wakijifanya wanasubiri mtu.

"Nani mwenye cheti hapa?"

"Mimi," Bisibisi alisema.

"Mbona hakiko ukutani?"

"Nimekishusha. Najua unakuja kukichukua."

Mkaguzi akainua macho, akavaa miwani. "Mimi nimekuja kuuliza. Kazi ya jana kule bucha ilifanywa na karakana hii?"

"Ndiyo. Nilimtuma baba yangu. Mimi nili…"

"Anadanganya," Fundi akasema.

Kila mtu akageuka. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Bisibisi akatikisa kichwa, "Baba, tafadhali," lakini Fundi alikuwa ameshapiga hatua katikati ya karakana, mkono wenye bandeji kifuani.

"Hakunituma. Alinikataza. Mama yake alisikia."

"Nilisikia," Mama Bisibisi alisema kutoka kwenye pazia.

Mkaguzi akamtazama mzee huyo asiye na nyusi. "Mzee wangu, wewe ni fundi wa hapa?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto yeyote wa mtaa ule angelijibu. Wale wa nje wakanyoosha shingo, na Kisu akatazama sakafu. Fundi alifungua mdomo, akaufunga.

"Hapana," alisema. "Mimi si fundi."

"Unafanya kazi gani hapa?"

"Nafagia. Nambebea binti yangu mkoba."

Kisu akashtuka kama amechomwa.

"Na jana ulifikaje kule bucha?"

"Huyu ni rafiki yangu. Nilimwambia nina cheti, akaniamini. Nilimdanganya." Alimtazama Kisu usoni, na Kisu akafumba macho. "Hana kosa. Angejuaje?"

Vidole vya mkaguzi vikaandika kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzima. Bila shaka aliona kilichokuwa kinapita mle ndani, na sanduku lile la bati lililochakaa kwa mikono ya mtu mmoja tu. Lakini sheria ilimtaka aandike alichoambiwa.

"Nitaandika onyo kali," alisema. "Sitakupeleka mbele, kwa kuwa aliyeumia ni wewe mwenyewe na umekiri. Lakini unaelewa masharti? Usiguse mashine, usiguse gesi, usiguse zana. Nikikukuta nazo, binti yako naye hatapona."

"Naelewa."

"Na hizi zana ni za nani?"

Fundi akainama, akaliinua sanduku la bati kwa mkono wake mzima. Lilikuwa zito, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaliweka juu ya meza mbele ya Bisibisi. "Za fundi," alisema.

Mkaguzi akaondoka. Watu wa nje wakatawanyika kimya, bila hata mzaha mmoja. Kisu alibaki. Alisogea, akataka kumshika rafiki yake bega, mkono ukaishia njiani. "Ndugu yangu," alianza, kisha akatoka huku anafuta pua kwa aproni.

Bisibisi akaenda nyuma, uani, akafungua bomba la maji ili asisikike. Fundi alikifungua cheti kutoka kwenye gazeti. Kwa mkono mmoja ilimchukua muda kukipachika kwenye msumari, na kikakaa upande. Mkewe akaja akakinyoosha. Kisha Fundi akachukua ufagio uliokuwa kwenye kona, akaanza kufagia, vibaya, akiacha vumbi kila mahali, maana hakuwahi kufagia karakana ile hata siku moja.

Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa yule mwanamke wa juzi, jasho linamtoka.

"Fundi yupo?"

Mzee akaacha kufagia. "Yupo, mama. Ngoja nikuitie."

Akaenda hadi kwenye mlango wa uani. Binti yake alikuwa ameinama bombani, ananawa uso, amempa mgongo.

"Fundi!" aliita.

Hakugeuka. Jina hilo halikuwa lake, na alizoea kulisikia akiitwa baba yake. Ikambidi mzee asafishe koo, aite mara ya pili.